Kompyuta ya saiba: kizazi cha nne au cha nane?

Swali: Nafungua saiba hapa Malindi. Muuzaji ana kompyuta za mezani za mitumba: kizazi cha nne, na cha nane kwa bei ya juu kidogo. Nichukue ipi?

Jibu: Ya kizazi cha nane, ndugu yangu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za kizazi cha nne. Kizazi utakijua kwa namba: i5-8500 ni cha nane, i5-4570 cha nne. Kabla ya kulipa, fungua kasha. Upepo wa bahari una chumvi. Ukiona kutu ya kijani kwenye bodi, iache. Mfuko ukikataa, chukua ya zamani, weka SSD na Linux. Kuchapa na kufungua eCitizen itaweza.