Dondoo muhimu: mzigo wa mchimbaji mezani

Mnacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na wahusika wenu ni wachimbaji wadogo wa almasi wa Maganzo, jirani na mgodi wa Mwadui? Msiorodheshe vifaa tu. Andikeni kila kimoja kilipo: sururu begani, tochi kichwani, kamba kiunoni, chekeche kambini. Kilichoachwa kambini hakitumiki shimoni, na hapo ndipo mchezo unaponoga.

Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Anayeibeba asiruhusiwe kuchimba.

Almasi ni kinyume kabisa. Karati 5 ni gramu 1 tu, kwa hiyo uzito wake achaneni nao. Andikeni imefichwa wapi na nani aliiona, kabla dadu hazijarushwa.