Neno linalofunga na neno lisilofunga

Wakati wa kuvuna mpunga, wanamemba wa koperative moja katika bonde la Ruzizi walituletea papye. Iliandikwa kwa mashine, ina sahihi mbili na kashe ya buluu. Mnunuzi hakuonekana. Magunia yalikaa depo, mwishowe yakauzwa moja moja sokoni kwa bei ya chini. Mama mmoja alituuliza: «Lakini si tulisinye?»

Ndiyo, walisinye. Tulisoma papye pole pole pamoja nao, tukakuta kwamba mnunuzi «atajaribu» kuchukua mpunga «akiweza». Basi, alijaribu, hakuweza. Papye ilikuwa haimudai kitu.

Kwa hiyo leo somo letu ni maneno.

Mkataba unaofunga ni ule ambao, upande mmoja ukikataa kuutimiza, upande wa pili unaweza kwenda tribinali kudai haki yake. Sheria yetu juu ya mikataba ni ya zamani sana, tarehe 30 Julai 1888, na ingali inatumika. Kifungu cha 33 kinasema kwamba patano lililofanywa kwa kufuata sheria linakuwa kama sheria kwa wale waliolifanya. Maneno ndugu ya «kufunga» ni «kuwa na nguvu ya sheria», «kushurutisha», «kulazimisha». Wazee wetu wanasema tu «tumejifunga», na wanaeleweka toka Kamanyola mpaka Baraka.

«Halali» na «rasmi» si ndugu, ni majirani. Halali maana yake sheria haikatazi. Kumwomba jirani mbegu ya muhindi ni halali, lakini jirani hafungwi kukupa. Rasmi inahusu sura ya papye: kashe, kichwa cha barua, namba. Ile papye ya mpunga ilikuwa halali, ilikuwa rasmi, na haikufunga mtu. (Sisi huku tunapenda kashe kupita kiasi.)

Upande wa kinyume kuna neno «batili». Kifungu cha 8 cha sheria ileile kinadai mambo manne: kukubali kwa yule anayejifunga, uwezo wa kufanya mkataba, kitu kinachojulikana wazi, na sababu isiyokatazwa. Papye inayosema «tutauza mazao» bila kusema mazao gani, iko karibu na ubatili. Lakini «batili» si sawa na «kuvunjwa»: mkataba uliovunjwa ulikuwa na nguvu, kisha ukaondolewa. Kinyume kingine ni «hiari», yaani mtu akitaka afanye, asipotaka aache.

Na neno la mdomo je? Wengi wanadhani ni batili. Hapana. Neno la mdomo linaweza kufunga; shida ni ushuhuda, siku mwenzako anaposema hakusema vile.

Tena, uliza ni nani anayefungwa. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inatumika kwetu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012. Kwa sheria hiyo, koperative inakuwa mtu mbele ya sheria ikishaandikishwa katika rejista ya koperative. Kama haijaandikishwa, prezida anayetia sahihi anaweza kujikuta amejifunga yeye mwenyewe, na nyumba yake.

Kwa mkutano wenu ujao, someni sentensi hizi tatu kwa sauti, kila mtu aseme ipi inafunga, na inamfunga nani:

«Mnunuzi anatumaini kuchukua mpunga wote wa koperative.»

«Mnunuzi atachukua magunia 200 ya mpunga mkavu, ya kilo 100 kila moja, katika depo ya koperative, kabla ya tarehe 30 Juni, na atalipa siku ileile bei iliyoandikwa hapa chini.»

«Koperative itampa mnunuzi mpunga wake wote, mnunuzi ataona bei kufuatana na soko.»

Ile ya tatu ndiyo muizungumze kwa muda mrefu.