Uvimbe kwa Mbwa wa Nyumbani: Vihatarishi, Dalili na Umuhimu wa Kuwahi Tiba

Mbwa hulinda nyumba, duka na zizi, lakini mara nyingi afya yake hutazamwa mwisho. Akishapata chanjo ya kichaa cha mbwa, wafugaji wengi huona kuwa wajibu wao umekwisha. Uvimbe ukijitokeza kwenye chuchu, sehemu za siri au mguu, huachwa kwa matumaini kwamba utapasuka na kupona wenyewe. Unapoanza kutoa damu na harufu, mbwa hufukuzwa, hutelekezwa mbali na makazi au huuawa.

Mara nyingi hapakuwa na haja ya kufika huko. Miongoni mwa aina za uvimbe zinazowapata mbwa katika mazingira yetu, zipo zinazoweza kuzuilika na zipo zinazopona kabisa zikiwahiwa. Somo hili linaeleza aina hizo, mambo yanayoongeza hatari, na hatua anazopaswa kuchukua mfugaji.

Uvimbe ni nini?

Mwili wa mbwa, kama wa binadamu, umejengwa kwa seli. Seli huzaliana kwa kiasi, huchakaa na kufa, na nafasi zake huchukuliwa na nyingine. Seli zinapoacha utaratibu huo na kuzaliana bila kikomo, hufanya donge ambalo wataalamu huliita uvimbe. Uvimbe usio wa saratani hukua mahali pake bila kuvamia viungo vingine. Mfano ni madonge laini ya mafuta yanayoota chini ya ngozi ya mbwa wenye umri mkubwa. Uvimbe wa saratani hupenya kwenye nyama za jirani, na seli zake huweza kusafiri hadi kwenye mapafu, ini au mifupa.

Hata hivyo, si kila kinachovimba ni uvimbe wa aina hiyo. Jipu huwa na joto na maumivu, na hujitokeza kwa siku chache. Funza wa nzi wanaoingia ndani ya ngozi hufanya kinundu chenye tundu dogo katikati. Ngiri ya kitovu huonekana kwa watoto wa mbwa. Matezi ya shingoni na nyuma ya magoti huweza kuvimba kwa saratani ya matezi, lakini pia huvimba kwa magonjwa yaenezwayo na kupe au mbung'o. Kwa sababu hiyo jicho peke yake halitoshi. Daktari wa mifugo huchoma sindano nyembamba kwenye donge, huvuta seli chache na kuzitazama kwa hadubini. Kipimo hicho ni chepesi na huchukua dakika chache.

Uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana

Palipo na mbwa wengi wanaozurura bila kuhasiwa, aina moja ya uvimbe hustahili kutajwa kwanza. Hiyo ni saratani ya sehemu za siri inayoenea kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Ugonjwa huu umeripotiwa katika nchi zisizopungua 90 duniani. Mwaka 1876, daktari wa mifugo wa Urusi, Mstislav Novinsky, alifanikiwa kuhamisha uvimbe huo kutoka kwa mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, na jaribio lake likawa miongoni mwa hatua za mwanzo katika utafiti wa saratani.

Uvimbe huu hauletwi na virusi wala bakteria. Kinachoambukiza ni seli zenyewe za saratani, ambazo hubanduka kwa mbwa mgonjwa wakati wa kujamiiana, kulambana au kunusana, kisha huota kwa mbwa mwenye afya. Seli ya kawaida ya mbwa ina kromosomu 78, lakini seli za uvimbe huu huwa na kati ya 57 na 64, na hufanana ulimwenguni kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, uliohusisha sampuli 546 za uvimbe huu, ulikadiria kuwa seli zote hizo zilitokana na mnyama mmoja aliyeishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mnyama huyo alikufa zamani, lakini saratani yake ingali hai katika miili ya mbwa wa leo.

Dalili kuu ni matone ya damu kutoka ukeni au kwenye ngozi ya uume, pamoja na nyama nyekundu iliyochambuka kama koliflawa na inayotoka damu ikiguswa. Wakati mwingine uvimbe huota puani au mdomoni, kwa sababu mbwa hunusana na kulambana. Kwa kawaida huonekana miezi 2 hadi 6 baada ya maambukizi. Wafugaji wengi huidhania damu hiyo kuwa ya kipindi cha joto. Tofauti ni kwamba damu ya joto hukoma ndani ya wiki chache, wakati damu ya uvimbe huendelea. Dume anayedondosha damu anahitaji kupimwa.

Habari njema ni kwamba saratani hii hutibika kuliko nyingine nyingi. Dawa iitwayo vinkristini, ambayo hutumika pia kwa binadamu wenye saratani, hudungwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki. Mbwa wengi hupona kwa sindano 3 hadi 6, na uvimbe huanza kunywea mapema. Dawa hii ni kali: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na huweza kupunguza chembe nyeupe za damu. Kwa hiyo haipaswi kununuliwa na kudungwa na mtu asiye mtaalamu. Kukata uvimbe peke yake bila dawa mara nyingi huufanya urudi.

Nchini Uingereza ugonjwa huu ulikuwapo na ulitoweka katika karne ya 20. Watafiti wanahusisha kutoweka huko na kudhibitiwa kwa mbwa wanaozurura. Funzo kwa jamii yoyote ni kwamba mnyororo wa maambukizi hukatika pale mbwa wanapofungiwa, kuhasiwa na kutibiwa.

Uvimbe wa matiti kwa majike

Uvimbe wa matiti huongoza miongoni mwa majike wasiohasiwa. Huanza kama punje ngumu chini ya chuchu, hasa jozi mbili za nyuma, na huonekana zaidi kwa majike waliofikisha miaka 9 hadi 11. Kwa makadirio ya jumla, nusu ya uvimbe huo huwa ni saratani. Punje ndogo iliyoondolewa mapema humpa mbwa nafasi kubwa ya kupona kuliko donge kubwa lililokwisha kupasuka.

Kihatarishi kikuu ni homoni za uzazi. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1969 ulionyesha kuwa jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza alikuwa na asilimia 0.5 tu ya hatari inayomkabili jike asiyehasiwa. Waliohasiwa baada ya joto la kwanza walikuwa na asilimia 8, na baada ya joto la pili au zaidi asilimia 26. Wataalamu wa baadaye wamejadili ukubwa halisi wa tofauti hizo, lakini kuhasi mapema bado hutajwa kuwa kinga muhimu. Joto la kwanza huja kati ya miezi 6 na 12 kwa mbwa wengi, na baadaye zaidi kwa wenye miili mikubwa.

Tahadhari nyingine inahusu sindano za uzazi wa mpango. Baadhi ya wafugaji huwadunga majike sindano za homoni ili wasipandwe. Homoni za aina hiyo huongeza hatari ya uvimbe wa matiti na usaha katika mji wa mimba. Kumhasi jike mara moja ni salama zaidi kuliko kumdunga kila baada ya miezi kadhaa. Unene uliopita kiasi, hasa mbwa akiwa mdogo, nao umehusishwa na uvimbe wa matiti.

Umri, aina ya mbwa, jua na minyoo

Kwa ujumla hatari ya saratani huongezeka kadiri mbwa anavyozeeka. Aina ya mbwa nayo ina nafasi yake. Saratani ya mifupa huwapata zaidi mbwa wenye miili mikubwa kama Rottweiler, na mara nyingi huanzia kwenye mguu wa mbele, karibu na bega au juu kidogo ya kifundo. Mbwa huchechemea na mwenye nyumba hudhani amepigwa jiwe. Mchechemeo unaozidi wiki 2 na mfupa unaovimba huhitaji picha ya eksirei. Mbwa aina ya German Shepherd, wanaopendwa kwa ulinzi, huweza kupata saratani ya mishipa ya damu katika wengu. Dalili yake huweza kuwa kuanguka ghafla na kupauka kwa fizi.

Kuhusu aina hizi kubwa, kuhasi kunahitaji ushauri wa umri unaofaa. Uchunguzi wa mbwa wa Rottweiler uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka 1 walipata saratani ya mifupa kwa wingi zaidi. Faida ya kuhasi haifutiki kwa hilo, ila mfugaji anapaswa kupanga wakati pamoja na daktari.

Mbwa weupe au wenye manyoya haba tumboni na ngozi isiyo na rangi puani huweza kupata saratani ya ngozi kwa kuchomwa na jua mara kwa mara. Banda lenye kivuli ni kinga ya bei nafuu. Mwisho ni mnyoo uitwao Spirocerca lupi, ambao watafiti waliuandika kwa mbwa wa Kenya tangu miaka ya 1970. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kuliwa na mbawakawa. Mbwa huambukizwa kwa kumla mbawakawa huyo, au kwa kula kuku, mjusi au panya aliyemla. Mnyoo hujenga vinundu kwenye umio, na baadhi hugeuka kuwa saratani. Mbwa hucheua chakula, hukonda na kushindwa kumeza. Kinga ni kuzoa kinyesi, kutompa mbwa matumbo mabichi ya kuku, na kufuata ratiba ya dawa za minyoo.

Hatua zinazopendekezwa kwa mfugaji

1. Kumpapasa mbwa mwili mzima mara moja kwa mwezi: mdomoni, shingoni, chuchu zote, sehemu za siri, miguu na mkia.
2. Kuandika tarehe, mahali na ukubwa wa uvimbe, kwa kuulinganisha na punje ya harage au ndimu.
3. Kumwona afisa mifugo wa kata uvimbe unapokua, unapotoa damu au unapodumu zaidi ya wiki 2. Pale inapohitajika, mbwa hupewa rufaa kwa daktari wa mifugo, au sampuli hupelekwa katika maabara ya veterinari.
4. Kutokata, kutochoma kwa moto na kutopaka tindikali au dawa za mimea kwenye uvimbe.
5. Kumfungia mbwa mgonjwa asipande wala kupandwa hadi apone.
6. Kuvaa glavu wakati wa kusafisha damu, na kunawa kwa sabuni.

Uvimbe wa mbwa uliotajwa katika somo hili hauambukizi binadamu, hivyo hakuna sababu ya kumfukuza mbwa kwa kuhofia watoto. Hofu iliyo ya haki ni ya kichaa cha mbwa, na mbwa aliyetelekezwa huongeza hatari hiyo kwa sababu hukosa chanjo na kuzurura na wengine. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inamtaka mwenye mnyama kumtunza na kutomtesa. Pale ambapo tiba haiwezekani tena, daktari wa mifugo ndiye mwenye utaalamu wa kumpumzisha mnyama bila maumivu.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ni fursa nzuri ya kuanza. Kila mwenye mbwa anashauriwa, anapomleta kuchanjwa, kumwomba mtaalamu aliyepo amkague chuchu na sehemu za siri, na kuuliza kuhusu kuhasi. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi, na unaweza kuugundua uvimbe ukiwa bado punje.