Mota ya Wati Ngapi? Maswali na Majibu Kuhusu Baiskeli ya Umeme ya Mizigo

Wengi wanaofika karakanani wakitaka kuundiwa baiskeli ya umeme ya mizigo huja na picha ya mota kwenye simu. Wameshaona bei na rangi, wengine wameshalipa nusu. Mimi nawauliza mambo mengine: unabeba nini, kilo ngapi, unapita njia ipi, na mzigo unapanda au unashuka? Mwenye majibu hayo tunamaliza kuchagua mota kabla chai haijapoa. Asiye nayo namwomba akapime kwanza mzigo wake, kisha arudi. Haya ni baadhi ya maswali ninayoulizwa mara kwa mara, na majibu yangu.

Fundi, niko Mwanza. Nataka baiskeli ya kusambazia mikate na unga madukani. Ninunue mota ya wati ngapi?

Kaka, wati peke yake haziwezi kukujibu. Tufanye hesabu ya njia yako. Tuseme mzigo ni kilo 100, wewe una kilo 70, na baiskeli pamoja na mota na betri ni kilo 40. Jumla kilo 210. Barabara tambarare ya lami, ukienda kilomita 18 kwa saa, kinachohitajika kwenye gurudumu ni kama wati 180 tu. Miguu yako inaweza kutoa karibu nusu yake bila kuhema. Hapo mota yoyote inatosha.

Ila wewe unaishi Mwanza, na mji ule umejengwa juu ya vilima vya mawe. Chukua mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unazosogea unapanda mita 8. Kwa mwendo wa polepole wa kilomita 9 kwa saa, mahitaji yanafika karibu wati 475. Miguu ikitoa 100, zinabaki 375 za mota, nazo ni wati zinazofika kwenye gurudumu. Zinazotoka kwenye betri ni nyingi zaidi, kwa sababu nyingine zinapotea njiani kama joto.

Ukitazama lebo utaona mota imeandikwa wati 250, ukadhani haikufai. Lebo hiyo mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya sheria za Ulaya, ambako baiskeli ya umeme ya kawaida haitakiwi kuzidi wati 250 za kudumu, na mota inatakiwa iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Kinachoamua mota inakula umeme kiasi gani ni kontrola, yaani kidhibiti kilicho kati ya betri na mota. Kontrola ya ampea 15 kwenye betri ya volti 48 inaweza kupitisha wati 720. Lebo inapaswa kukuambia mota inahimili nini kwa muda mrefu bila kuungua, na kontrola inakuambia itasukumwa kiasi gani.

Namba unayopaswa kuitafuta ni ya nguvu ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nyutoni-mita. Kwa mwinuko wako na gurudumu la inchi 26, mota inatakiwa ikupe karibu 50, na akiba juu yake kwa siku utakayolazimika kusimama katikati ya mlima ukaanza upya na mzigo mgongoni. Mota nyingi ndogo za kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, zinaishia hapo au chini yake. Hapo ndipo utakapojua kama unahitaji mota kubwa zaidi ya habu, au mota ya kati, ninayoieleza kwenye jibu linalofuata.

Kuna mota ya kwenye habu na mota ya kati kwenye pedali. Ipi bora?

Mota ya kati, kama Bafang BBSHD inayofahamika sana kwa wanaojiundia baiskeli, husukuma cheni ileile unayosukuma kwa miguu. Kwa hiyo inafaidi giya. Ukiweka giya nyepesi mlimani, mota inazunguka kwa kasi inayoipenda na gurudumu linapata nguvu kubwa. Kwa mzigo mzito kwenye milima haina mpinzani. Gharama yake iko kwenye cheni na meno ya nyuma, ambavyo huisha haraka, hasa dereva akibadilisha giya huku mota inavuta. Cheni ikikatika, unakosa mota na miguu kwa pamoja.

Mota ya habu haigusi cheni. Cheni ikikatika, unarudi nyumbani kwa mota. Betri ikiisha, unarudi kwa miguu. Ziko za aina mbili. Ile yenye giya ndani ni ndogo na nyepesi. Sumaku zake huzunguka kwa kasi, kisha vijigiya, mara nyingi vya nailoni, hupunguza kasi hiyo na kuongeza nguvu. Ina friwili ndani, kwa hiyo ukizima mota baiskeli inateleza kama ya kawaida. Nyingine haina giya kabisa. Ni nzito na kubwa kama sahani, haina cha kusagika isipokuwa beringi, na inaweza kufanya jambo moja ambalo nyingine haziwezi, nitalieleza kwa kijana wa Kibosho hapo chini.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kama baiskeli yako haina giya, mota ya kati inapoteza sababu kubwa ya kuwepo kwake. Nimeona watu wakiifunga kwenye baiskeli yenye seti moja tu ya meno nyuma kisha wanalalamika kwamba haipandi.

Nimeambiwa gurudumu dogo lina nguvu zaidi. Kweli, fundi?

Kweli kabisa, kwa mota za habu. Mota ile kule Mwanza iliyohitaji Nyutoni-mita 50 kwenye gurudumu la inchi 26 ingehitaji kama 38 kwenye gurudumu la inchi 20, kwa mzigo uleule na mlima uleule. Baiskeli nyingi za mizigo zinazoundwa Ulaya zina angalau gurudumu moja dogo. Gurudumu dogo pia ni imara zaidi, na linashusha mzigo chini. Ubaya wake utauona kwenye mashimo, kwa hiyo weka tairi nene.

Angalia pia idadi ya mizunguko kwa dakika iliyoandikwa kwenye mota. Mota ya mizunguko 200 kwenye gurudumu la inchi 26 itaishia karibu kilomita 25 kwa saa. Ya mizunguko 300 itafika 37, na vijana wengi huichagua kwa sababu hiyo. Kwa mizigo chagua yenye mizunguko michache, maana kwa kontrola ileile ndiyo inayotoa nguvu zaidi wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda. Ukiweka gurudumu la inchi 20, hata ya mizunguko 300 inakuwa ya kilomita 28 tu kwa saa, na hapo inafaa.

Shikamoo fundi. Nabeba mikungu ya ndizi kutoka Kibosho hadi sokoni Moshi. Nirudipo sina mzigo. Mota gani inanifaa?

Marahaba, mwanangu. Swali lako ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mzigo wako unashuka. Karibu kila ushauri utakaousikia umeandikwa kwa mtu anayepandisha mzigo. Ukiufuata utanunua mota kubwa na breki mbovu.

Tuseme unashuka mita 500 za kimo. Ndizi kilo 80, wewe 60, baiskeli 40, jumla kilo 180. Nishati inayoachiliwa kwa kushuka huko ni karibu wati-saa 245. Ni joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji. Kiasi fulani kinaishia kwenye matairi na upepo. Kinachobaki kinaingia kwenye breki zako, na kama ni zile za raba zinazobana rimu, rimu ndiyo inayopata moto. Rimu ikipata moto mno, mpira wa ndani unaweza kupasuka ukiwa kwenye mteremko na mikungu nyuma yako.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye breki za diski mbele na nyuma, za mafuta kama unazimudu, zenye diski kubwa ya milimita 180 au zaidi. Ya pili iende kwenye magurudumu yenye spoki nene 36.

Ndipo tunafika kwenye mota. Kurudi mtupu, wewe na baiskeli ni kilo 100, na mota ya kawaida itakupandisha bila shida. Nakushauri ile ya habu isiyo na giya ndani, ukubwa wa wastani, na kontrola yenye breki ya umeme. Kwa kuwa haina friwili, gurudumu linapoizungusha kwenye mteremko inakuwa jenereta. Inakuvuta nyuma na kurudisha umeme kwenye betri. Usitarajie kurudishiwa wote. Faida kubwa ni kwamba kazi ya kupunguza mwendo inafanywa na mota, na pedi za breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura.

Sikiliza hili kwa makini. Ukiondoka Kibosho na betri iliyojaa kabisa, hakuna pa kuuweka umeme huo. Saketi ya ulinzi ndani ya betri itaukataa, na breki ya umeme itakuachia bila kukuaga. Chaji betri hadi asilimia 80 tu kabla ya kushuka. Na vidole visiondoke kwenye vishikio vya breki za diski, maana breki ya umeme ni msaidizi.

Nina guta la magurudumu matatu Dar es Salaam. Naweza kulifunga mota?

Unaweza, na kwa njia tambarare za Dar guta linafaa umeme kuliko vyombo vingi. Usiweke mota kwenye gurudumu la mbele. Mzigo wote uko nyuma, gurudumu la mbele ni jepesi, na kwenye mchanga litazunguka bure. Peleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma kwa cheni. Halafu weka kikomo cha mwendo kwenye kontrola, kilomita 15 kwa saa. Magurudumu matatu hayawezi kulala kwenye kona kama mawili yanavyolala, na guta lililosheheni kreti za soda likikata kona kwa kasi litapinduka.

Betri, fundi. Kubwa kiasi gani?

Zidisha volti kwa ampea-saa upate wati-saa. Baiskeli ya mizigo hula kama wati-saa 15 hadi 25 kwa kilomita, kutegemea milima, mzigo na upepo wa matairi. Ukizunguka kilomita 30 kwa siku kwa wastani wa 20, unahitaji 600. Ongeza akiba, kwa sababu betri isiyomalizwa kila siku hudumu zaidi. Betri ya volti 48 na ampea-saa 16 inakupa 768, na kuijaza hakumalizi uniti moja ya LUKU.

Kuna betri za lithiamu za kawaida na zile za fosfati ya chuma zinazoandikwa LFP. Za LFP ni nzito zaidi, lakini zinavumilia joto na hudumu miaka mingi zaidi ya kuchajiwa kila siku. Kwa chombo cha kazi mimi nachukua LFP, kwani kilo mbili au tatu za ziada hazionekani kwenye mzigo wa kilo 100.

Usichanganye chaja. Betri ya LFP ya seli 16 hujaa kwa volti 58.4. Ya lithiamu ya kawaida ya seli 13 hujaa kwa 54.6. Zote mbili mtaani huitwa za volti 48, na plagi zinaweza kufanana. Chaja ya ile ya kwanza ikiingia kwenye ya pili, saketi ya ulinzi ndiyo pekee iliyosimama kati ya nyumba yako na moto. Na betri zilizoungwa kwa seli za kompyuta mpakato za zamani sizifungi kwenye baiskeli ya mtu yeyote, hata akisisitiza.

Ninayo baiskeli ya Phoenix ya marehemu baba. Inaweza kuwa ya umeme?

Fremu ya chuma ni jambo jema, inachomeleka. Mota ya habu husukuma gurudumu mbele, na wakati huohuo ekseli inataka kujizungusha kinyume ndani ya mpasuo wa fremu. Lazima ifungwe chuma cha kuizuia, kinachobana ekseli na kushikwa kwenye bomba la fremu. Bila hicho ekseli itakula mpasuo, itazunguka, na kukata waya zake zote. Kwa mota ya kati, pima upana wa bomba la kranki, kwani nyingi zimetengenezwa kwa milimita 68 hadi 73. Breki zake za fito zitoke. Ukiona gharama ya kubadilisha uma na kuchomelea vishikio vya diski inakaribia bei ya fremu mpya ya mizigo, mwachie mzee baiskeli yake kama ilivyo, ubebe mizigo na nyingine.

Imeshaundwa. Nianzie wapi kuijaribu?

Anza bila mzigo, kisha beba mawe au madumu ya maji, nusu ya uzito uliopanga. Panda mlima wako mkali kuliko wote, simama katikati, ondoka tena. Mota ikitetemeka badala ya kuvuta, kagua waya za vitambuzi vya sumaku kati yake na kontrola. Ukifika juu gusa mota kwa mkono. Uvuguvugu ni sawa. Kama huwezi kuacha mkono juu yake, punguza ampea kwenye kontrola au tafuta mota kubwa zaidi. Shuka, gusa diski za breki kwa tone la maji, si kwa kidole. Kaza nati za ekseli siku hiyohiyo jioni, kaza tena baada ya wiki, na hakikisha waya unaoingia kwenye mota umeinama chini kabla ya kupanda kwenye ekseli, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani.