Bomba Lililoganda

Juzi wanafunzi wa Kidato cha Tatu walinicheka nilipowaambia kwamba kule Uingereza nyumba yangu iliwahi kukosa moto kwa sababu ya barafu ndani ya bomba jembamba kuliko mpini wa jembe. Basi hapana budi nieleze.

Ilikuwa Desemba 2010, Desemba ya baridi kuliko zote nchini humo kwa zaidi ya miaka 100. Nilikuwa nikisoma Leeds, pamoja na mke wangu na mtoto wa miezi miwili. Nyumba ilipata joto kutoka kwenye boila, yaani mtambo uchomao gesi na kupasha maji yazungukayo vyumbani. Gesi ikiungua hutoa mvuke. Maboila ya zamani yaliuacha mvuke huo upotee dohani; ya sasa huupoza hata ukawa maji, na joto lililojificha ndani yake hubaki nyumbani. Ni akili nzuri, lakini maji hayo lazima yatoke nje, nayo hutoka kidogo kidogo.

Bomba letu la plastiki lilikuwa la milimita 21 na nusu, nalo lilitambaa ukutani nje mita nne hivi, karibu kulala. Matone yaendayo polepole huganda kabla ya kufika chini. Tone huganda juu ya tone, bomba likaziba. Maji yakarudi nyuma, boila likagugumia kama kiko cha maji, likazimika. Saa nane usiku!

Nilichemsha birika nikakimbilia nje. Mke wangu, ambaye hakusoma fizikia, ndiye aliyenishika mkono: plastiki ya baridi vile ikimwagiwa maji yachemkayo huweza kupasuka. Tukamimina ya uvuguvugu, tukianzia mwisho wa chini ili barafu iyeyukayo ipate njia. Birika la tatu lilifungua. (Asubuhi niliteleza juu ya maji yale yale.)

Fundi alitwambia kuwa bora bomba lipite ndani ya nyumba. Likibidi kutoka nje, liwe la milimita 32 tangu kabla ya kupenya ukuta, lisizidi mita tatu, literemke sentimita 4 na nusu kwa kila mita, livikwe sponji isiyopenya maji.

Swali kwa Kidato cha Tatu: kwa nini sponji peke yake haitoshi?