Somo la Mafundi: Mnyororo wa Kukatia Zege Hufa kwa Kukosa Maji



Safari hii tunajifunza juu ya msumeno wa mnyororo wa kukatia zege, ule tunaoutumia kufungua mlango au tundu la bomba kwenye ukuta uliokwisha kujengwa. Mnyororo wake hauna meno ya kunolewa kwa tupa kama ule wa mbao. Una vipande vidogo vyenye chembe za almasi, na bei yake si ya mchezo. Kwa fedha za sadaka, kuupoteza ni jambo la kujieleza mbele ya kamati (tazama Luka 14:28).

Tulipofungua ukuta wa tangi la zamani hapa Babati, mnyororo mpya ulituishia kabla kazi haijafika nusu. Tulidhani tumeuziwa bandia. Kumbe almasi zilikuwa bado zipo. Mnyororo wenyewe ndio uliorefuka hata haukazwi tena.

Kosa lilikuwa letu. Zege likikatwa hutoa tope lenye mchanga, na tope hilo huingia kwenye pini za mnyororo na kuzisaga. Maji ndiyo yanayolisukuma nje na kupoza almasi. Misumeno mingi ya aina hii inahitaji msukumo wa maji wa angalau baa 1.5 hivi (soma kitabu cha mashine yako). Maji yanayoshuka kutoka mita 10 hutoa takriban baa 1 tu. Simtanki letu lilikuwa juu ya mnara wa mita 3, yaani baa 0.3! Fundi aliyaona maji yanatoka akaridhika. Siku hizi tunatumia pampu ndogo, na maji huchujwa kwanza. Maji hayo pia huzuia vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu.

Endesha mashine kwa mwendo wa juu kabisa unapokata, wala usiipindishe ndani ya mkato. Anza na mkato wa chini, kisha wa juu, mwisho wa pembeni, ili kipande kisishuke na kubana mnyororo. Penye nondo nyingi punguza haraka.

Mnyororo ukiacha kula, usiukandamize. Mara nyingi kokoto ngumu zimezisugua almasi zikawa laini. Kata kidogo tofali la mchanga na saruji. Litakwangua chuma kilichozifunika.

Mnyororo mpya hurefuka kidogo mwanzoni, kwa hiyo ukaze mara kwa mara, mashine ikiwa imezimwa na imepoa. Uwe umekaa vizuri kwenye bapa lake, lakini mkono wenye glovu uweze kuuzungusha.

Jioni, kabla ya kuzima, acha msumeno uzunguke na maji bila kukata kwa nusu dakika. Kisha upakae mafuta mepesi. Tope likilala humo usiku mmoja, asubuhi utakuta limeshakuwa zege.