SOMO LA MWEZI: FAMILIA YA MTUMISHI KATIKA NCHI MPYA

Masomo: Matendo 18:1-3, 18-19 na 24-26, Warumi 16:3-5, Yeremia 29:4-7



Mwezi huu tujifunze juu ya familia inayofika katika nchi isiyo yake na kuanza kuishi humo kwa ajili ya Mungu. Tutaangalia familia mbili. Ya kwanza ni ya Akila na Prisila katika Biblia. Ya pili ni ya daktari Albert Cook na mkewe Katharine, wamisionari walioishi hapa Kampala. Tafadhali fungua Biblia yako, soma kwanza maandiko yaliyotajwa hapo juu, kisha tuendelee pamoja.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya neno ninalolisikia kila wiki: "Mchungaji, mimi hapa ninapita tu." Mtu ana miaka kumi na miwili Uganda, lakini hajapanda mti, hajui kumsalimu jirani kwa lugha yake, na hataki kazi yoyote kanisani kwa kuwa anangoja kuitwa kwenda nchi ya tatu. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na wako ndugu zetu waliokuwa wamekwisha kuuza vitu vyao vya nyumbani. Maumivu hayo tunayajua. Kwa hiyo tuulize: je, mtu wa Mungu anaweza kukaa kweli mahali asipojua atakaa kwa muda gani?

1. AKILA NA PRISILA WALIKUWA WAMEFUKUZWA

Wengi tunapowafikiria Akila na Prisila tunawaona kama wasaidizi wa Paulo tu. Soma tena Matendo 18:2. Akila alizaliwa Ponto, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa anaishi Rumi na mkewe. Ndipo Kaisari Klaudio akatoa amri kwamba Wayahudi waondoke Rumi. Wataalamu wengi wanasema jambo hilo lilitokea karibu mwaka 49. Basi walifika Korintho kama watu waliong'olewa kwa amri ya serikali, kama wengi wetu tulivyong'olewa kwa risasi.

Sasa angalia walichofanya. Walitafuta kazi waliyoijua, nayo ilikuwa kushona mahema. Paulo alipofika, akiwa naye mgeni, walimkaribisha akae kwao na wakafanya kazi pamoja. Baadaye walihamia Efeso. Huko wakamkuta Apolo, mhubiri hodari ambaye mafundisho yake yalikuwa hayajakamilika. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi.

Katika Warumi 16 tunawakuta wamerudi Rumi, maana Klaudio alikufa mwaka 54. Kanisa linakutana nyumbani mwao. Katika 1 Wakorintho 16:19, walipokuwa Efeso, kanisa lilikutana nyumbani mwao pia. Ukisoma 2 Timotheo 4:19 utaona wanasalimiwa wakiwa mbali na Rumi kwa mara nyingine. Hesabu mwenyewe mara walizohama. Kila mara nyumba ilibadilika, lakini mlango ulikuwa wazi.

Tena hawakukataa kurudi. Nafasi ilipopatikana walirudi Rumi. Lakini Korintho na Efeso zilipata faida yao kabla hawajaondoka.

2. ALBERT NA KATHARINE COOK KATIKA MENGO

Sasa tuje karibu. Ukifika Kampala, panda kilima cha Namirembe. Hapo utaona kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, na hospitali ya Mengo karibu nalo. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1897 na Albert Cook, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1870, aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Kanisa la Anglikana, CMS.

Walifika kwa miguu. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imeanza kujengwa mwaka 1896 tu, na ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kundi lao lilitoka pwani pamoja na wapagazi, likatembea kwa miezi hadi Mengo, likafika Februari 1897. Katika kundi hilo alikuwemo muuguzi aliyeitwa Katharine Timpson. Mwaka 1900 yeye na daktari Cook walifunga ndoa. Familia yao ilianzia hapa hapa, ugenini.

Tujifunze mambo manne kutoka kwao.

Kwanza, walilikuta kanisa. Hawakumleta Mungu Uganda. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Vijana Wakristo wa Buganda walikuwa wameuawa kwa ajili ya imani kati ya 1885 na 1887. Biblia nzima ilikuwa imekamilika kwa Kiganda mwaka 1896, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta, Muganda. Kwa hiyo Cook na wenzake walipofika, walipokelewa na waamini waliokwisha kulipa gharama kuliko wao. Ndugu mkimbizi, nawe ulipofika Uganda ulilikuta kanisa. Usiseme, "Wenyeji hawa hawajui kuomba." Mgeni mwema kwanza huketi, akasikiliza.

Pili, walianza na kile walichokuwa nacho. Hospitali ya kwanza ilikuwa jengo la matete na udongo lenye vitanda vichache. Na mwaka wenyewe wa 1897 haukuwa wa amani. Mwezi wa saba Kabaka Mwanga aliasi dhidi ya Waingereza. Mwezi wa tisa askari Wasudani wa serikali nao waliasi. Mwezi wa kumi na mbili Pilkington aliuawa katika vita hivyo. Daktari mgeni alijikuta akitibu majeruhi. Kama angesema, "Ningoje nchi itulie," asingeanza.

Tatu, walijifunza lugha. Daktari asiyeelewa mgonjwa anapoonyesha tumbo na kusema neno moja, atatoa dawa ya kubahatisha. Cook alijifunza Kiganda, akaandika kitabu cha maneno na sentensi za matibabu kwa Kiganda ili na wengine waweze kusema na wagonjwa. Tena alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa. Kwa uangalifu huo, mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack, daktari pia, waliwatambua katika Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale, ugonjwa uliokuja kuua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 kando ya ziwa.

Nne, walijenga tena. Hospitali kubwa zaidi iliyofuata ile ya matete ilipigwa na radi mwaka 1902 ikateketea. Kufikia mwaka 1904 nyingine ilikuwa imesimama. Ninyi mliochomewa nyumba Ituri, Masisi au Fizi, mnajua moyo unavyokuwa mtu akitazama majivu. Hakuna aliye na haki ya kukuambia usilie. Lakini baada ya kulia, matofali hufyatuliwa moja moja.

3. KAZI YA MKE KATIKA UTUMISHI

Mara nyingi tunasema "mmisionari na mkewe", kana kwamba mke ni mzigo aliobebwa. Biblia yenyewe haisemi hivyo. Katika Matendo 18:18 na Warumi 16:3 jina la Prisila linatangulia la mumewe.

Katharine Cook alikuwa muuguzi mkuu wa Mengo tangu mwanzo, kabla ya kuolewa. Baadaye aliona kwamba hospitali moja juu ya kilima haiwezi kuwasaidia akina mama wanaojifungua vijijini. Akasimamia mafunzo ya wasichana wa Uganda wawe wakunga, na vituo vya uzazi vikafunguliwa nje ya mji. Daktari naye, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alianza kuwafundisha vijana Waafrika kazi ya utabibu. Hao wote wawili walijua kwamba mgeni akifanya kazi yote peke yake, siku akiondoka kazi inakufa.

Nao hawakuondoka. Katharine alikufa mwaka 1938, Albert mwaka 1951, hapa Kampala. Leo maktaba ya chuo cha udaktari cha Makerere inaitwa kwa jina la Albert Cook, na wakunga waliofunzwa Mengo wamefundisha wakunga wengine.

4. TOFAUTI ILIYOPO KATI YAO NA SISI

Hapa lazima tuseme ukweli. Familia ya Cook haikukimbia. Walichagua kuja. Walikuwa na chama kilichowatuma, na nyuma yao kulikuwa na serikali ya Uingereza, iliyokuwa imeifanya Uganda nchi ya ulinzi wake mwaka 1894. Wangeshindwa, wangepanda meli kurudi kwao. Mama aliyevuka mpaka wa Bunagana usiku na watoto watatu hana meli. Asije mtu akatumia somo hili kumwambia mkimbizi kwamba shida yake ni uvivu. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, watu wenye bidii sana walilala njaa.

Ndiyo maana nimemweka Akila mbele ya Cook. Akila hakutumwa na mtu. Alifukuzwa. Lakini Mungu alimfanya mmisionari bila kumngoja apate kwanza karatasi. Kinachofanya familia kuwa ya kimisionari si pasipoti wala mshahara kutoka ng'ambo. Ni kwamba mahali ilipo, hata kama haikupachagua, watu wanamjua Kristo kwa sababu yake.

5. APOLO ALIKUJA KWETU

Ndugu Wakongomani, msidhani wamisionari daima hutoka Ulaya. Mwaka 1895 Muganda mmoja alibatizwa, akachukua jina la Apolo, yule yule aliyefundishwa na Akila na Prisila nyumbani mwao. Huyu ni Apolo Kivebulaya. Mwishoni mwa mwaka 1896, wakati Cook na wenzake walipokuwa njiani kuja Mengo, Apolo alikuwa anaelekea Mboga, ambayo leo iko Ituri, Kongo. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Chifu Tabaro, aliyempinga mwanzoni, baadaye alibatizwa. Apolo alifundisha pia watu wa msituni, Wambuti, ambao wengi waliwadharau. Alikufa mwaka 1933, akazikwa Mboga. Aliomba alazwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume cha desturi, kuonyesha kwamba Injili bado ilikuwa na safari upande huo.

Kwa hiyo Uganda ilitupelekea mtumishi kabla sisi hatujaja kuomba mahali pa kulala. Leo nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea. Deni la upendo lipo pande zote mbili.

6. BASI TUFANYE NINI?

Katika Yeremia 29 nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa Babeli kwa nguvu. Aliwaagiza wajenge, walime, waoe na kuoza, na wauombee mema mji uliowashika. Wala hakuwaambia wasahau Yerusalemu. Katika barua hiyo hiyo waliahidiwa kurudi. Kukaa na kutumaini vilikwenda pamoja.

Vivyo hivyo kwetu:

- Faili lako la nchi ya tatu lifuatilie, ukiitwa nenda. Lakini panda muhogo na parachichi pia. Usipokula wewe, atakula atakayeachiwa kiwanja.
- Jifunze lugha ya wenyeji, hata salamu na bei za sokoni kwanza. Watoto wako tayari wanaijua, waombe wakufundishe.
- Kama una cherehani, mfundishe mtu mmoja. Kama ulikuwa mwalimu au muuguzi nyumbani, usifiche ujuzi kwa sababu vyeti viliungua.
- Mgeni mpya akishuka kwenye lori, mwalike chakula siku ya kwanza, hata kama ni uji. Paulo naye alipata pa kukaa kwa watu waliohamishwa.
- Baba, usimwache mama nyuma katika utumishi. Ombeni pamoja, pangeni pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Nani alikupokea ulipofika hapa? Umewahi kumshukuru?
2. Ni kazi gani umeiahirisha ukisema "nitaifanya nikifika huko"?
3. Je, yupo mwenyeji anayeweza kuingia nyumbani kwako bila kugonga? Kama hayupo, tuanzie wapi?
4. Soma Matendo 18:26. Akina Akila wangemkosoa Apolo hadharani, kanisa lingepoteza nini?

TUOMBE

Bwana, unajua nyumba tulizoziacha na majina ya waliobaki huko. Tupe kurudi ukipenda, tupe kwenda mbele ukifungua njia, na leo tupe kukaa hapa bila uchungu. Wabariki wenyeji wetu. Nyumba zetu za miti na turubai zifanye mahali ambapo mtu akiingia anakuta neno lako na maji ya kunywa. Kwa jina la Yesu. Amina.